UZI: Nimerudi kutoka likizo ya uzazi, meza yangu ina mtu na naambiwa nisaini mkataba mpya kabla ya Ijumaa

Mkaa Kimara (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kuniambia "acha kazi, Mungu atafungua mlango mwingine". Hiyo nimeshaambiwa na ukoo mzima, na mwenye nyumba wangu hajaisikia.

Nipo kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ziko Kurasini, jina tuliache. Nilianza kama karani wa nyaraka nikapanda hadi msimamizi wa kitengo. Napokea hati za mizigo kutoka kwa mteja, nahakikisha thamani na kodi zimekaa sawa, naingiza kwenye mfumo wa forodha, nafuatilia mpaka kontena litoke getini. Wateja wakubwa walikuwa mikononi mwangu, na kwa kila faili lililofungwa nilipata kamisheni juu ya mshahara. Kuna miezi kamisheni ilikaribia kuupita mshahara wenyewe.

Ujauzito niliutolea taarifa mapema, kwa barua na cheti cha kliniki, nikajibiwa vizuri tu. Bosi alinichangia mpaka pampasi. Kabla sijaondoka nikaambiwa nimfundishe binti mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo "akushikie". Nilimfundisha kila kitu, hadi tabia za wateja: nani ukimpigia asubuhi anafoka, nani halipi mpaka umfuate dukani Kariakoo.

Nimerudi, binti yuko kwenye meza yangu. Nywila yangu ya mfumo imefutwa. Kwenye kundi la WhatsApp la wateja nimetolewa. Nimewekwa mapokezi, eti "kwa muda, ili upate nafasi ya kulea". Mshahara haujaguswa, ila kamisheni hakuna kwa sababu mafaili hayapo. Nikiomba muda wa kunyonyesha meneja anasema mbele ya watu "hapa ni ofisi siyo kliniki". Nikitoka mapema, kwenye daftari la mahudhurio naandikiwa MTORO kwa wino mwekundu.

Juzi HR kaniletea mkataba mpya. Cheo: afisa huduma kwa wateja. Kipengele cha kamisheni hakimo. Na mwisho kabisa pameandikwa kwamba nimeyakubali mabadiliko haya kwa hiari yangu mwenyewe. Mwisho wa kusaini ni Ijumaa.

Nisaini nile mshahara? Niache? Nishtaki? Mtoto bado hajafika miezi minne. Matusi sina nguvu nayo, nawaomba.

---

Nguru wa Kigamboni

Pole sana dada. Nimeweka kambi hapa, wajuzi wanakuja.

---

Shangazi Tabata

Mwanangu, USISAINI. Hata kama HR atakuja na soda na biskuti. Maneno "kwa hiari yangu" ndiyo mkataba wote ulipo, hayo mengine mapambo. Ukishaweka sahihi hapo, siku ukisimama mbele ya mtu wa haki utaulizwa swali moja tu: sahihi hii ni yako?

Na usiseme "sisaini" kwa mdomo halafu ukaondoka, watasema umegoma. Mwandikie kwamba umepokea, unaomba muda wa kuusoma na kupata ushauri, na unaomba wakupe kwa maandishi sababu ya kubadilisha cheo chako. Uliza kwa adabu zote. Utaona watakavyobabaika.

---

Kijana wa Mbezi

Mimi nitasema ambacho wengi wanaogopa kusema. Biashara haisimami miezi mitatu kumsubiri mtu. Mteja ana kontena bandarini, kila siku gharama ya kuhifadhi inapanda, anataka mtu anayepokea simu. Binti kapokea simu, mteja kamzoea. Ulitaka bosi amfukuze binti aliyeokoa kitengo? Mshahara wako upo pale pale. Wanawake mnadai usawa, mkifika kwenye ushindani mnakimbilia sheria.

---

Baba Nasra

Kijana wa Mbezi, bosi wako akikupeleka mapokezi siku unayotoka kuugua malaria, akakuachia mshahara bila posho wala kamisheni, utakuja hapa na uzi mrefu kuliko huu.

Mimi ni mwanaume na nimeyaona kwa mke wangu. Yeye hata mkataba mpya hakupewa. Alinyimwa kazi tu. Anafika saa mbili, anakaa, anatoka saa kumi na moja, hakuna anayemtuma hata barua. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuamini mwenyewe kwamba hawezi kazi. Mwishowe aliandika barua ya kuacha, mistari miwili, akawashukuru kwa ushirikiano. Tulipokwenda kuulizia haki zake tukaambiwa barua hiyo inasema aliondoka kwa furaha.

---

Karani wa Haki

Dada, nimefanya kazi kwenye ofisi ya mawakili kwa muda, ngoja nikupangie. Natumia namba za vifungu kama sheria ilivyotungwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004.

Kifungu cha 33 ndicho cha uzazi. Wengi wanakijua kwa zile siku 84 za malipo (100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo) na hawasomi mbele. Mbele kinasema ukimaliza likizo unarudi kazini kwa masharti yale yale ya ajira. Na anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kwa hiyo hilo neno MTORO kwa wino mwekundu ni ushahidi wako wewe, siyo wao. Daftari hilo lipige picha, kurasa zinazokuhusu tu.

Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini, na katika sababu zilizotajwa kwa majina kuna ujauzito na kuna majukumu ya kifamilia. Uzuri wake ni huu: ukishaonyesha mazingira yanayoashiria ubaguzi, mwajiri ndiye anabaki na kazi ya kuthibitisha kwamba haukuwepo. Wewe unaonyesha kabla na baada. Kabla: msimamizi, wateja, kamisheni. Baada: mapokezi. Katikati: uzazi. Yeye aeleze.

Kubadilisha masharti ya mkataba nako kuna utaratibu, kifungu cha 15. Mwajiri anashauriana na mfanyakazi kisha anatoa mabadiliko kwa maandishi. Kumletea mtu karatasi iliyokwisha kuchapwa na kumwambia "mwisho Ijumaa" siyo kushauriana.

Sasa nikuvunje moyo kidogo, maana humu watu wanapenda kuandika kana kwamba sheria inajitekeleza yenyewe. Sheria yetu ni kali sana kwa mwajiri anayefukuza kwa sababu ya ujauzito. Kifungu cha 37 kinasema hiyo siyo sababu halali kabisa. Waajiri wamejifunza. Hawafukuzi tena, wanabana, mpaka wewe mwenyewe uandike barua kama ya mke wa Baba Nasra. Kubanwa kunathibitika kwa karatasi tu, na karatasi hizo hakuna mwingine atakayekutengenezea.

---

Mkaa Kimara

Asanteni sana. Karani wa Haki, hapo kwenye kubana umenigusa. Je, nikiacha sasa hivi nikasema wamenilazimisha, haiwezekani? Kusema kweli asubuhi naamka na tumbo linauma kabla sijafika hata Ubungo.

---

Karani wa Haki

Inawezekana. Kifungu cha 36 kinahesabu kuwa umeachishwa kazi kama uliondoka kwa sababu mwajiri alifanya kazi isivumilike. Ila soma na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali (GN) Na. 42 la 2007, kanuni ya 7. Pale wanataka uwe umetumia kwanza njia za ndani za kulalamika, isipokuwa kama una sababu nzuri ya kutozitumia. Ukiondoka leo, swali la kwanza litakuwa: malalamiko yako ya maandishi yako wapi? Kwa ulivyoeleza, mpaka sasa huna hata moja.

Kwa hiyo hata kama moyoni umeshaamua kuondoka, andika kwanza.

---

Meneja Mstaafu

Nimekaa idara ya utumishi muda mrefu kabla ya kustaafu, kiwandani na baadaye kwenye usafirishaji. Nitakwambia inavyoonekana ukiwa upande wa pili wa meza.

Kwanza, sahau habari ya chuki. Mara nyingi bosi hana chuki na wewe. Tatizo ni kwamba katika hizo siku 84 amegundua jambo: kazi yako inafanyika kwa bei nyingine. Nina swali. Huyo binti, je, analipwa kamisheni? Kama alikuja kwa mafunzo ya vitendo, naomba nikisie kwamba halipwi. Basi angalia nani anafaidika. Kamisheni haijahama kutoka kwako kwenda kwa binti. Imerudi mfukoni mwa kampuni. Wewe ukirudi kwenye meza ile, gharama inarudi.

Nakwambia hivi kwa sababu kuu moja: usigombane na binti. Nimeshuhudia kesi zinaharibika kwa sababu mlalamikaji alimtukana aliyemshikia nafasi, mwajiri akapata kosa la nidhamu la kuanzia. Binti anaweza kuwa shahidi wako bora.

Pili, mkataba wako wa zamani unasemaje kuhusu kamisheni? Kuna tofauti kubwa kati ya "mfanyakazi atalipwa kamisheni ya kiasi fulani kwa kila faili" na "menejimenti inaweza kutoa motisha". Ya kwanza ni sharti la ajira, ya pili watabishana nayo. Kama haijaandikwa, kusanya hati zako za mshahara zinazoonyesha ilivyolipwa mwezi hadi mwezi. Taarifa ya michango yako ya NSSF nayo itasaidia kama walikuwa wanaikata kwenye kamisheni pia.

Tatu, na hili nalisisitiza: usibebe nyaraka za kampuni. Usijitumie orodha ya wateja kwenye barua pepe yako, usipakue mafaili ya forodha. Chukua kilicho chako: mkataba, barua, hati za mshahara, meseji ulizotumiwa wewe. Wakikukuta na taarifa za wateja, habari ya uzazi imekwisha, sasa inaongelewa siri ya biashara.

Wakikuita kwenye kikao cha nidhamu kwa huo "utoro", unastahili taarifa ya si chini ya saa 48 na kuingia na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Usikubali kikao cha "njoo mara moja ofisini kwangu tuongee".

---

Kijana wa Mbezi

Meneja, kumbe hata wewe unakubali ni suala la gharama. Sasa kama ni gharama siyo uzazi, ubaguzi uko wapi?

---

Meneja Mstaafu

Kama ni gharama, kuna mlango wake. Kampuni inaita watu, inaeleza sababu, inashauriana na wafanyakazi au chama chao, inaonyesha vigezo vya nani anaguswa. Hapa hakuna aliyeguswa ila mama mmoja aliyetoka kujifungua. Punguza gharama kwa kitengo kizima, nitakuelewa. Ukichagua aliyekuwa leba, usiniambie ni hesabu.

---

Bint Mwambao

Hamjambo wenzangu wa Bongo. Mimi niko Mombasa, kazi yangu yafanana na yako dadangu, pia ni ya bandarini. Kwetu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, yasema miezi mitatu kwa mshahara kamili, na ukirudi wapewa kazi ile ile uliyoiacha au nyingine inayokufaa ambayo masharti yake si duni kuliko ya mwanzo. Hapo kwenye "nyingine inayokufaa" ndipo waajiri wengi hujifichia. Watakwambia mapokezi yakufaa kwani hukimbii huku na huku na mtoto mchanga.

Jawabu langu huwa moja: kufaa kwa nani? Kama kipato kimeshuka, ishakuwa duni.

Na tuna Sheria ya Afya ya 2017 inayomtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha. Chumba kwetu kilipatikana, lakini wamekigeuza stoo ya karatasi za printa. Twaingia na funguo ya kuombwa.

---

Mama Pacha

Dada Mkaa Kimara, wanaume wa sheria wameongea, mimi niongee ya kwenye kifua. Mimi ni nesi, nilijifungua pacha, nilipata zile siku 100. (Walioyafuatilia marekebisho ya 2025 mtajua kwamba sasa hata waliojifungua njiti wameongezewa muda. Sisi wa zamani tulizimalizia wodini.)

Umesema mtoto hajafika miezi minne. Ushauri wa kitaalamu ni maziwa ya mama peke yake miezi sita. Likizo inaisha miezi inakaribia mitatu. Hilo pengo ndilo linatutesa sote. Saa mbili za sheria ni nzuri kwa anayekaa Kurasini na kufanya kazi Kurasini. Wewe wa Kimara ukitoka kwenda kunyonyesha na kurudi, saa mbili zinaishia kwenye foleni kabla hujamwona mtoto.

Kwa hiyo uwe na ombi mahususi. Usiombe "muda wa kunyonyesha" kwa ujumla, wao wataupanga wanavyotaka. Omba saa hizo ziunganishwe mwisho wa siku, mfano utoke saa tisa badala ya saa kumi na moja, na katikati ya siku upewe dakika za kukamua mahali penye mlango na komeo. Choo hapana. Maziwa ni chakula. Yaliyokamuliwa kwenye joto la kawaida yatumike ndani ya saa nne, kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Kwa joto la Dar nunua kiboksi cha barafu, usiamini friji ya ofisi yenye samaki wa watu.

Na usipokamua kutwa nzima ziwa litajaa, litauma, homa itapanda, na maziwa yenyewe yatapungua. Hiyo ni hoja ya kiafya. Pata cheti cha daktari au barua ya kliniki uiambatanishe. Meneja anayesema "hapa siyo kliniki" huwa anapoa akiona mhuri.

---

Kijana wa Mbezi

Kifungu mlichotaja kinasema anyonyeshe ndani ya saa za kazi. Hakijasema aondoke mapema. Nauliza tu.

---

Karani wa Haki

Leo umeuliza la maana. Ni kweli, maneno ya kifungu ni kunyonyesha ndani ya saa za kazi, na saa mbili ni kikomo cha juu. Kuunganisha saa mwisho wa siku ni makubaliano. Ndiyo maana Mama Pacha kasema OMBA, na kwa maandishi. Mwajiri akikataa hilo, anabaki na wajibu wa kueleza mama wa Kimara atamnyonyesha vipi mtoto kati ya saa nne na saa sita akiwa Kurasini. Wengi wakifika kwenye swali hilo wanakubali kuunganisha, maana hata wao inawarahisishia ratiba.

---

Shangazi Tabata

Hapo ofisini kuna tawi la chama cha wafanyakazi? TUICO wako kwenye sekta za biashara na viwanda, ulizia. Kama unakatwa ada kila mwezi na humjui hata mwenyekiti wa tawi, leo ndiyo siku ya kumjua. Kama hakuna tawi, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wanatoa msaada wa kisheria, wasiokuwa na uwezo wanasaidiwa bila malipo. Watakusomea mkataba wako vizuri kuliko sisi tunaobahatisha humu.

---

Mkaa Kimara

Wakuu, mrejesho wa kwanza.

Sikusaini. Niliandika barua Alhamisi, nikagongesha mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Katibu muhtasi alisita, nikamwambia mhuri ni wa kupokea tu, siyo wa kukubali, akagonga. Nimeondoa majina, naiweka hapa mwenye kuhitaji aichukue:

*YAH: MASHARTI YA AJIRA YANGU BAADA YA LIKIZO YA UZAZI*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakiri kupokea rasimu ya mkataba mpya. Kabla ya likizo ya uzazi nilikuwa msimamizi wa kitengo cha nyaraka, nikilipwa mshahara pamoja na kamisheni kwa kila faili, kwa mujibu wa mkataba wangu. Tangu niliporejea nimepangiwa mapokezi, nimeondolewa kwenye mfumo, na sijapangiwa faili lolote.*

*Naomba yafuatayo kwa maandishi: sababu ya mabadiliko hayo; tarehe nitakayorejeshewa majukumu yangu; na ridhaa yenu ili saa zangu mbili za kunyonyesha ziunganishwe, niondoke saa tisa alasiri. Naambatanisha barua ya kliniki. Aidha naomba neno "mtoro" lililoandikwa kwenye daftari la mahudhurio lisahihishwe, kwa kuwa nilitoka kunyonyesha.*

*Naendelea kufika kazini na niko tayari kutekeleza majukumu yangu ya awali. Sijaridhia mkataba mpya.*

Kamisheni nimeiangalia: imo kwenye mkataba wa zamani, kwa kiwango kabisa. Na Meneja Mstaafu, wewe ni mchawi. Nilimuuliza binti kwa upole tukinywa chai. Halipwi hata senti ya kamisheni. Hakujua hata kama ipo. Yeye anapewa nauli na chakula cha mchana, na kaahidiwa ajira "mambo yakikaa sawa". Alilia yeye, nikabaki mimi kumbembeleza.

---

Nguru wa Kigamboni

Duh. Watu wawili wananyonywa kwa meza moja, na aliyetakiwa kunyonya yuko Kimara.

---

Baba Nasra

Barua imekaa vizuri, hasa pale "naendelea kufika kazini". Mke wangu angekuwa na sentensi hiyo moja tungekuwa tunaongea mengine.

---

Meneja Mstaafu

Siyo uchawi, mdogo wangu, ni kusoma orodha ya mishahara. Jihadhari na jambo moja. Sasa hivi watakuja na maneno matamu ya mdomo. Kila mtakaloongea, jioni yake mtumie meseji au barua pepe fupi: "Asante kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba umesema hivi na hivi." Asipojibu, imebaki hivyo.

---

Mwalimu wa Njombe

Naomba kuuliza, mimi ni mwalimu wa serikali. Nimerudi nimekuta nimehamishiwa shule nyingine ya mbali bila barua ya maana. Na mimi nikimbilie CMA, ile tume ya migogoro ya kazi?

---

Karani wa Haki

Mwalimu, hapana, siyo moja kwa moja. Watumishi wa umma wana njia yao: kwanza mnamalizia taratibu za Sheria ya Utumishi wa Umma, rufaa zinakwenda kwenye mamlaka zake. Wengi wanapoteza muda CMA kisha wanarudishwa mlangoni. Anza na barua kwa mwajiri wako, chama chako cha walimu kikiwa na nakala.

Na wa Zanzibar msinakili vifungu vyangu. Huko kuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na vyombo vyake.

---

Mkaa Kimara

Mrejesho wa pili, samahani nilikaa kimya, mtoto alikuwa na homa. (Nilichukua ile ruhusa ya kuuguza mtoto, siku nne za malipo. HR alisema hajawahi kuisikia. Nikamwonyesha kifungu cha 34 kwenye simu, akasoma kimya kimya.)

Majibu yamekuja. Kutoka saa tisa wamekubali, kwa barua. Daftari limesahihishwa. Kwenye mfumo nimerudishwa, cheo kimerudi. Lakini wateja wakubwa wamebaki "chini ya ofisi ya meneja" kwa sababu "wateja wenyewe hawataki kusumbuliwa na mabadiliko". Nimepewa mafaili madogo madogo, magari ya mtu mmoja mmoja na mizigo ya mitumba. Kamisheni ipo sasa, ila ni ya kununulia sabuni. Ya kipindi nilichokaa mapokezi wamesema hainihusu kwa kuwa sikufunga faili.

Mume wangu anasema tushukuru hapo tulipofika. Mimi roho inakataa. Najiuliza kama ni tamaa.

---

Shangazi Tabata

Siyo tamaa mwanangu. Mshahara wa mtu haugeuki kuwa tamaa kwa sababu ana mtoto.

---

Kijana wa Mbezi

Mimi nilianza upande mwingine, mnanijua. Lakini hilo la "ofisi ya meneja" limenishinda. Meneja anafunga mafaili yeye mwenyewe? Kama binti ndiye anafunga, basi siyo ofisi ya meneja, ni meza ile ile imebadilishwa jina. Muulize binti jina la nani linatokea kwenye faili.

---

Karani wa Haki

Hapo sasa ndipo CMA inaingia, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Haitozi ada ya kufungua shauri. Unajaza Fomu Namba 1, nakala unampelekea mwajiri naye anasaini kupokea, kisha unaiwasilisha na uthibitisho kwamba kapokea. Sehemu B ya fomu ni ya walioachishwa kazi tu, iache wazi. Watu wengi wanaijaza kwa woga, halafu mwajiri anasema "lakini wewe bado ni mfanyakazi wetu". Wewe eleza mgogoro wako: kubaguliwa kwa sababu ya uzazi na kunyimwa kamisheni ya mkataba.

Muda ndio mkali. Aliyeachishwa kazi ana siku 30. Migogoro mingine, kama wako, siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na hapo mwajiri anapata vita ya kwanza ya bure.

Kwanza ni usuluhishi, watu wanakaa mezani. Migogoro mingi kama huu inaishia hapo, maana mwajiri akiona hesabu ya kamisheni imeandikwa mwezi kwa mwezi anaanza kukumbuka. Ikishindikana inakwenda kwenye uamuzi.

---

Mkaa Kimara

Siku 60 nahesabu tangu lini? Tangu nilipowekwa mapokezi au tangu waliponijibu barua?

---

Karani wa Haki

Watabishana kwamba ni tangu ulipowekwa mapokezi. Basi hesabu hiyo hiyo, uwanyime hoja. Usisubiri "tuone mwezi ujao".

---

Mama Pacha

Na siku ya usuluhishi kamua kabla ya kuingia. Vikao hivyo vinakaa.

---

Mkaa Kimara

Nimeshapeleka fomu, HR kasaini kupokea. Binti kakubali kuandika maelezo yake kama nitaitisha, ingawa nimemwambia afikirie kwanza, na yeye anatafuta ajira. Nikipewa tarehe nitaleta mrejesho.

---

Meneja Mstaafu

Nenda na mkataba wenyewe, siyo nakala tu. Na andaa jedwali la ukurasa mmoja: mwezi, mafaili, kamisheni iliyolipwa; miezi ya mwaka kabla ya likizo. Msuluhishi hana muda wa kupekua bahasha. Kuhusu binti, ulivyomwambia ni sawa. Msimwandikie maelezo, aandike kwa mkono wake mwenyewe.